Acheni Uwanja Mbele ya Jukwaa

Stockholm, Julai

Ndugu zangu wapenzi wa dansi,

Kiangazi kimeiva, jua linazama saa nne za usiku, na mtu akikosa usingizi anaandika barua.

Binamu yangu amenitumia video ya onyesho la zilipendwa hapo Dar es Salaam. Bendi imepiga vizuri, sina neno. Lakini meza zimesogezwa hadi miguuni pa mwimbaji, na wale wachache waliotaka kucheza wamebanwa kwenye njia ya kwendea msalani. Ndiyo sababu nawaandikia ninyi mnaoandaa maonyesho hayo, mnaopiga, na mnaolipa kiingilio. Huku nilipo nimeingia katika dansi ya zamani ya watu weusi wa Marekani, swing, na humo nimekutana na habari za muziki uliowahi kunyang'anywa uwanja wake.

Leo ukitaja jazi, watu wanawaza ukumbi wenye kiza, wasikilizaji wamekunja nne, kila mmoja na glasi yake, vichwa vikitikiswa kwa heshima. Miaka ya 1930 mambo hayakuwa hivyo. Swing ilikuwa jazi ya bendi kubwa, watu kumi na wanne au zaidi, tarumbeta na tromboni na saksofoni zikijibizana, na kazi yake ilikuwa moja: kuwatoa watu jasho.

Mahali pake hasa palikuwa ukumbi wa Savoy, uliofunguliwa Harlem, New York, tarehe 12 Machi 1926. Ulikuwa ghorofani kwenye barabara ya Lenox, ukienea kutoka mtaa wa 140 hadi wa 141. Mwenye mali alikuwa Mzungu, Moe Gale. Aliyeuendesha siku kwa siku alikuwa mtu mweusi, Charles Buchanan. Majukwaa yalikuwa mawili, yamekaa ubavu kwa ubavu, ili bendi moja ikishusha ala nyingine iwe imeshadaka, muziki usikatike. Sakafu ya mbao ngumu ilichakazwa na viatu hata ikawa inang'olewa na kuwekwa mpya kila baada ya miaka michache. Na mlango ulikuwa wazi kwa kila rangi. Katika Harlem hiyo hiyo, Cotton Club iliwaweka weusi jukwaani na jikoni huku wateja wakiwa wazungu watupu. Pale Savoy mzungu alilipa, akapanda ngazi, akatafuta nafasi yake kama mwingine yeyote.

Alhamisi ndiyo siku ninayoipenda kuisikia ikisimuliwa. Ilikuwa siku ya mapumziko ya wapishi, mayaya na wafua nguo waliolala kwenye nyumba za matajiri, na usiku huo Savoy ilikuwa mali yao. Mtu aliyeitika "ndiyo mama" wiki nzima, Alhamisi anavaa viatu vizuri na hakuna wa kumwamuru asogee. Karibu na jukwaa palikuwa na pembe moja ya mabingwa. Mgeni hakuingia pale hivi hivi. Ungeingia miguu yako ikishaonekana, au ungebaki pembeni ukitazama.

Dansi yenyewe waliiita Lindy Hop. Inachezwa na watu wawili, hesabu yake ya msingi ni nane. Mnakaribiana, mnazunguka, kisha mnaachiana hadi mikono inyooke. Na mkiwa kule nje, kwa mapigo mawili matatu, kila mmoja ana ruhusa ya kufanya lake kabla ya kurudiana. Hapo ndipo ilipoachana na waltzi ya wazungu, ambayo wawili hukumbatiana mwanzo hadi mwisho. Mpiga tarumbeta anapewa nafasi ya kupiga peke yake katikati ya wimbo; mchezaji naye anapewa yake. Mmoja wa waanzilishi alikuwa George Snowden, mfupi wa kimo, mwepesi kupindukia. Mwaka 1935 kijana Frankie Manning, mzaliwa wa Jacksonville, Florida, aliingia mashindanoni na mwenzake Frieda Washington dhidi ya kundi la Snowden, akamgeuza bibie juu kwa juu mgongoni mwake na kumtua mbele kwenye pigo lake. Hakuna aliyekuwa amefanya hivyo katika Lindy Hop. Kuanzia siku hiyo wachezaji wakaanza kuruka.

Bendi ya nyumbani pale ilikuwa ya Chick Webb, mpiga dramu wa Baltimore aliyeachwa na kibiongo na kifua kikuu cha uti wa mgongo tangu utotoni. Mtu mdogo, dramu kubwa. Ninyi mnaojua bendi za Msondo na Sikinde zikipandishwa ukumbi mmoja siku ya sikukuu, nani anapiga kwanza, nani anafunga, mashabiki wakizomeana, hamhitaji kuelezwa ilivyokuwa tarehe 11 Mei 1937, Webb alipomkaribisha Benny Goodman, mzungu ambaye magazeti yalikuwa yakimwita mfalme wa swing. Waliofika walijaza ukumbi, na maelfu wengine wakabaki barabarani. Webb aliwakung'uta. Mpiga dramu wa Goodman, Gene Krupa, ambaye naye hakuwa mtu wa mchezo, alikiri baadaye kwamba alizidiwa. Lakini dukani mshindi alikuwa mwingine. Wimbo wa kuusifu ukumbi ule, "Stompin' at the Savoy", ni tungo ya Edgar Sampson wa bendi ya Webb, na Webb aliurekodi mwanzo. Rekodi iliyovuma ni ya Goodman, ya 1936. Mnaijua hadithi ya namna hiyo, sina haja ya kuongeza.

Ella Fitzgerald aliimba katika bendi hiyo. Alipopanda jukwaa la ukumbi wa Apollo kwenye mashindano ya chipukizi mwaka 1934, alikuwa amekuja kucheza dansi, si kuimba. Akaogopa kuwafuata kina dada waliotangulia kucheza, akaimba. Ile sauti iliyokuja kusifiwa dunia nzima ilikuwa kwanza ya mchezaji, na mimi nikimsikia anavyokaa juu ya mapigo naamini hilo halikupotea.

Sasa nifike kwenye uwanja. Aprili 1943 wakuu wa New York waliifunga Savoy kwa miezi kadhaa, wakidai askari walikuwa wakiambukizwa magonjwa na wanawake waliokutana nao humo. Harlem haikuamini, wengi walisema kilichoudhi ni weusi na weupe kushikana mikono kwenye sakafu moja. Mwaka uliofuata ukaja mkono mzito zaidi. Serikali kuu, ikitafuta fedha za vita, ilitoza kodi ya asilimia 30 kila mahali palipouza chakula au kinywaji huku watu wakicheza dansi au kuimbiwa. Baada ya miezi michache ikashushwa hadi 20, ikakaa hapo miaka mingi. Muziki wa ala tupu, wateja wakiwa wameketi, haukutozwa. Mwenye baa hakuhitaji kupiga hesabu mara mbili. Akaweka kibao cha kukataza kucheza, akajaza meza pale palipokuwa uwanja, akaajiri watu wanne badala ya kumi na wanne.

Vitabu vingi vinasema bebop, jazi mpya iliyofuata swing, ndiyo iliyowaketisha watu, kwamba kina Charlie Parker walipiga kwa kasi na ugumu ambao miguu isingeweza kuufuata. Siikatai yote. Kulikuwa pia na vijana kuitwa jeshini, petroli ya mgawo, mgomo wa chama cha wanamuziki uliosimamisha rekodi tangu 1942. Lakini wachezaji wa Savoy waliruka kwa nyimbo za kasi ya kutisha. Kasi peke yake haikuwashinda. Mimi naona kodi na meza zilikuja kwanza, na muziki ukajikunja kufuata nafasi uliyoachiwa. Mwanamuziki anayetazama miguu ya watu hupiga namna moja. Anayetazama vichwa vilivyokaa hupiga namna nyingine. Savoy yenyewe ilifungwa 1958, ikavunjwa, pakajengwa majumba ya kupangisha.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza, waandaaji: ondoeni safu mbili za mbele. Hamtozwi kodi ya kucheza. Kama hofu yenu ni mauzo ya bia, nani hukauka koo zaidi, aliyeketi au anayeserebuka?

La pili ni gumu zaidi, nalo linanirudisha huku Uswidi. Manning alirudi kutoka vitani, akaendesha kikundi chake hadi 1955, kisha akaajiriwa posta na kukaa huko kama miaka thelathini. Aliyewahi kucheza Ulaya na kwenye filamu za Hollywood alikuwa akipanga barua, na wenzake kazini wengi hawakujua. Mwaka 1984 Waswidi walisafiri hadi New York kumtafuta mwenzake wa zamani, Al Minns, wakamleta Stockholm kufundisha. Minns akafariki mwaka uliofuata. Wakamfuata Manning. Kuanzia 1989 akawa anakuja karibu kila kiangazi katika kijiji cha Herräng, kilichokuwa cha wachimba chuma, kaskazini mwa hapa, ambako sasa watu wa nchi nyingi hukusanyika kila Julai kucheza hadi alfajiri. Alifariki 2009, mwezi mmoja kabla ya kutimiza miaka 95. Norma Miller, aliyeanza kwa kucheza kwenye lami nje ya Savoy akiwa msichana mdogo, alimfuata 2019 akiwa na miaka 99.

Wenzangu darasani hudhani nilizaliwa naijua Lindy Hop, kwa kuwa mara nyingi mweusi ni mimi peke yangu. Nilikuja na miguu ya rumba, nikaanza moja kama wao. Kinachonishangaza ni jinsi Waswidi wale wa kwanza walivyofanya kazi. Walikuwa na filamu, kama "Hellzapoppin'" ya 1941, ambamo wachezaji wa Harlem wamevalishwa kama wapishi na watumishi, wakacheza vile ambavyo hadi leo vijana wenye misuli wanashindwa. Waliitazama mkanda baada ya mkanda. Na bado wakaona haitoshi, kwa sababu filamu huonyesha mbwembwe. Namna ya kutembea kati ya mbwembwe, ya kumsikiliza mwenzako kwa mkono, wangeipata kwa wazee tu.

Sisi hata filamu hatuna. Sauti ipo: Radio Tanzania ilirekodi bendi zetu kwa miaka mingi. Lakini Tanzania Bara haikuwa na televisheni hadi 1994. Saboso ya Western Jazz, Segere Matata ya Tabora Jazz, Sululu ya Morogoro Jazz, kila mtindo ulikuwa na miguu yake, na miguu hiyo leo ina miaka zaidi ya sabini na inaumwa magoti.

Basi kila mwenye mzee aliyekuwa hakosi dansini, amwombe acheze. Awe na mwenzake, si peke yake. Pigeni wimbo mzima, msikate, na simu ishike kuanzia kiunoni hadi sakafuni. Sura mnazo picha zake za harusi. Kisha nitumieni, nami nitawatafuta vijana huku wanaojua kuandika hatua kwa hatua.

Nimeanza na shangazi yangu wa Tabora. Amekubali, kwa sharti kwamba atafutiwe mwanamume anayeijua Segere Matata kweli kweli, maana wa mwisho aliyeletewa alimkanyaga. Kama yupo mzee hapo mjini aliyeicheza, ajitokeze kabla ya Septemba, nitakapokuja likizo.

Ndugu yenu,
Stockholm