Pimeni masikio siku ya chanjo
Mtoto anayezaliwa Singida hupimwa uzito, huchomwa chanjo ya BCG, na kadi yake ya kliniki huanza kujazwa hata kabla ukoo haujakubaliana jina. Masikio, kwa kawaida, hakuna anayeyaulizia.

Kiziwi wa kuzaliwa hajulikani kwa kumtazama. Analia, ananyonya, anacheka. Mlango ukibamizwa anashtushwa na mtikisiko, na bibi anatangaza kuwa mjukuu anasikia vizuri. Mwaka wa pili unakatika bila neno. Hapo mmoja anasema ni udata, ulimi ukatwe. Mwingine anakumbusha kwamba hata baba yake alichelewa kuongea. Mtoto akifika kwa daktari ana miaka mitatu au minne, na ubongo umeshapoteza miaka yake bora ya kujifunza lugha.

Katika kila watoto 1,000 wanaozaliwa, 1 hadi 3 huwa na upungufu wa kudumu wa kusikia. Kwa njiti, waliochelewa kulia, waliopata manjano kali au homa ya uti wa mgongo, hatari ni kubwa zaidi. Gentamicin, sindano inayookoa wachanga wengi wenye maambukizi, nayo inaweza kudhuru sikio. Hatusemi iachwe. Tunasema aliyechomwa apimwe.

Kipimo chenyewe hakina maumivu. Mtoto ananyonyeshwa, anasinzia, kisha kijiti chenye ncha laini kinaingizwa mlangoni mwa sikio na kutoa mlio mdogo. Sikio la ndani likiwa zima hurudisha mwangwi hafifu ambao mashine inaunasa. Dakika chache, kazi imekwisha. Adui ni kelele za wodini, na majimaji yanayobaki sikioni saa za kwanza. Ndiyo maana anayeshindwa mara ya kwanza hurudiwa kabla ya mama kutiwa hofu.

Atakayesema mkoa hauna mabingwa wa kutosha atazame Lagos. Huko Nigeria watafiti waliwapima watoto walipoletwa kuchanjwa BCG, na waliofanya kazi hiyo walikuwa wahudumu wa afya wa kawaida waliofundishwa. Muuguzi wa Kiomboi au Manyoni hashindwi.

Lengo linalotumika duniani ni mtoto apimwe kabla ya mwezi 1, tatizo lithibitishwe kabla ya miezi 3, na huduma ianze kabla ya miezi 6. Utafiti uliochapishwa mwaka 1998 kutoka Colorado, Marekani, ulionyesha kuwa waliogunduliwa kabla ya miezi 6 walikuwa na lugha nzuri kuliko waliochelewa. Tuanze basi na walio hatarini zaidi: asitoke mtoto wodi ya wachanga ya Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Makiungu, Iambi au Mtakatifu Gaspari Itigi bila kupimwa. Wengine wote wapimwe wanapokuja kwa chanjo ya wiki ya 6. Watakuwa wamevuka mwezi mmoja, lakini hiyo ni afadhali kuliko miaka mitatu.

Pagumu ni baada ya hapo. Muhimbili ilianza kupandikiza vifaa vya kusikia mwaka 2017, hatua kubwa kwa nchi iliyokuwa ikipeleka watoto India kwa upasuaji huo. Lakini upasuaji si wa kila mtoto. Wengi watahitaji shimesikio la kuvaa, lenye betri za kununuliwa kila mara na kipande cha sikioni kinachobadilishwa kadiri mtoto anavyokua. Mkulima wa alizeti wa Mkalama ataziweza betri mwezi wa mavuno, Februari je? Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ipo tangu 2023, na vitu hivi viwe ndani ya kitita. Ambaye kifaa hakimfai, yeye na wazazi wake wafundishwe lugha ya alama mapema. Ni lugha kamili, si faraja ya walioshindwa.

Ombi letu kwa halmashauri za mkoa: bajeti ijayo iwe na fungu la mashine na la kuwafundisha watakaoitumia. Na mtoto anayehitaji kurudi asiambiwe "njoo siku nyingine". Mama aandikiwe tarehe, ichukuliwe namba ya simu yake au ya jirani, na mhudumu wa afya wa kijiji ajulishwe amfuate asipotokea.