Kumwita mtoto wa kununuliwa "dada mdogo"

Kuna watu wanaotuambia hata leo: msihukumu desturi za watu. Vema. Basi tuitazame desturi moja ya Wachina wa Hong Kong na Malaya, kisha watujibu.

Mzazi maskini alimtoa binti yake, pengine mwenye miaka sita au saba tu, kwa nyumba yenye mali. Feza zikalipwa, mara nyingi na hati ikaandikwa. Tangu siku ile mtoto alichota maji, alifagia, alibeba mtoto wa bibi mgongoni, pasipo mshahara, mpaka siku ya kuozwa. Aliitwa mui tsai, ndiyo kusema dada mdogo. Jina zuri! Nani kati yetu aliyemnunua mdogo wake?

Wakubwa Waingereza walijua. Mwaka 1879 jaji mkuu wa Hong Kong, John Smale, alisema wazi ya kuwa ni utumwa. Wengine wakamjibu: ni huruma, maana binti hawa wangekufa njaa. Njaa ilikuwa ya kweli, hatukatai. Lakini mwenye huruma humlisha mtoto bila kumfanya mali yake.

Miaka arobaini ikapita. Bibi Clara Haslewood, mke wa ofisa wa jeshi la bahari, akaanza kupiga kelele mwaka 1919. Mwaka 1921 Wachina wenyewe, Wakristo wengi kati yao, wakaanzisha chama cha kuipinga desturi hiyo. Wasiseme basi kwamba ni wageni tu waliochukizwa. Mwaka 1922 Churchill, waziri wa makoloni, akaahidi Bungeni kwamba mambo haya yatakwisha kwa mwaka mmoja. Sheria ikatoka 1923, lakini sehemu ya kuwaandikisha wasichana ikalala kabatini mpaka 1929! Hapo wakaandikwa zaidi ya 4,000.

Mwaka 1936 tume ya watu watatu ikatumwa. Wawili, Woods na Willis, wakashughulika na mui tsai peke yao. Wa tatu, Bibi Edith Picton-Turbervill, akakataa, akaandika shauri lake mwenyewe: alindwe kila binti aliyehamishwa kwa nyumba ya wengine, aitwe jina lolote. Tunasema alikuwa na haki. Maana mwenye nyumba akiulizwa alijibu tu, "Huyu si mui tsai, ni mtoto wa kulea," naye karani akafunga daftari lake.