RN1 inaanzia baharini: kwa nini watu wa Kinsevere hawafiki Muanda?

Makamyo ya shaba yanatoka Kinsevere, kilomita kama 30 kaskazini ya Lubumbashi, yanashika njia ya kusini mpaka Kasumbalesa. Kutoka pale shaba inaenda Durban, Dar es Salaam au Beira, inapakiwa kwenye meli. Yaani shaba ya Kinsevere inaona bahari. Lakini mtoto wa shule wa Kinsevere, bahari ya nchi yake anaijua kwenye karata tu.

Na hiyo bahari iko. Kongo iko na pwani ya kilomita karibu 40 tu, kule Muanda, katika Kongo-Central. Jambo ambalo wengi hawajui ni hili: barabara ya taifa namba 1, ile RN1 ambayo mtu wa Lubumbashi anaishika akienda Likasi, inaanzia Banana, pembeni ya Atlantiki. Inapita Boma, Matadi, Kinshasa, Kikwit, Kananga na Mbuji-Mayi mpaka huku. Ni zaidi ya kilomita 3,000. Kwenye makaratasi, ni njia moja.

Mwenye kufika kule anaona mambo. Matadi kuko daraja kubwa juu ya mto Kongo, lililojengwa pamoja na Wajapani na kufunguliwa mwaka 1983. Boma ilikuwa mji mkuu wa koloni mbele ya Léopoldville. Kisha inakuja Muanda, na mbuga ya mikoko iliyoundwa mwaka 1992, mahali mto unapoingia baharini. Ndani yake anaishi nguva, yule mnyama mkubwa wa maji anayekula majani, ambaye kwa Kifaransa anaitwa lamantin. Kwenye mchanga wa pwani, kasa wanapanda usiku kutaga mayai.

Basi kinachozuia ni nini? Si umbali peke yake. Kati ya Kasai na Katanga, RN1 iko na vipande virefu vya udongo na mchanga. Mvua ikianza, kamyo inaweza kulala njiani siku nyingi. Mwenye mali anapanda ndege mpaka Kinshasa, kisha anashika gari. Asiye na mali anabaki. Makampuni nayo yanatazama kusini, kwa sababu kule kuko lami, reli na bandari. Njia inatengenezwa pale mali inapopita. Pale wanapopita watu tu, inangojea.

Sasa hesabu inaweza kugeuka. Tarehe 31 Januari 2022 rais Tshisekedi aliweka jiwe la kwanza la bandari ya maji marefu kule Banana, kazi iliyopewa DP World. Nchi haijawahi kuwa na bandari ya namna hiyo. Matadi iko ndani ya mto, meli kubwa hazifiki. Bandari ikikamilika, RN1 itapata sababu mpya ya kutengenezwa.

Lakini faida hiyo iko na bei yake. Bandari iko jirani kabisa na mikoko. Mikoko yenyewe tayari inakatwa kwa kuni za kukausha samaki na kwa makala. Mtu wa Lubumbashi hana haja ya kuelezwa jambo hilo: ameona miti ya miombo ikiisha pembeni ya mji kwa sababu ya makala hayo hayo. Mikoko ikiisha, samaki wadogo wanakosa mahali pa kukulia, na nguva anakosa maficho.

Kwa hiyo swali kwa viongozi ni mbili kwa pamoja: barabara itafika lini, na ikifika, itakuta nini? Kungojea lami miaka yote, halafu kufika Muanda na kukuta makontena bila kasa, ingekuwa safari ya hasara.