Tupime kwanza, halafu tumwage simenti

Fundi wa kujenga wa hapa Kikula haanzi kazi bila meta yake. Anapima kiwanja, anapima tofali, anapima mulango. Lakini kuko kitu kimoja hapimi hata siku moja: mutu anayekaa ndani ya kiti cha magurudumu.

Na huyo mutu haiko mugeni kwetu. Ni baba aliyeangukiwa na udongo ndani ya shimo. Ni mama aliyeshikwa na polio angali mutoto. Ni mudogo wetu aliyegongwa na lori. Siku anatoka hospitali, ndugu wote wanamushukuru Mungu, wanamuleta nyumbani. Hapo ndipo mateso mengine yanaanza. Kiti cha kawaida kiko na upana wa karibu sentimita 65. Mulango wa choo ukiwa na sentimita 60, mutu mukubwa anabebwa mugongoni na watoto wake mwenyewe. Heshima yake inapotea juu ya sentimita 5.

Watu watasema: vipimo viko, vilishaandikwa. Ni kweli. Mulango usiwe chini ya sentimita 80. Pahali pa ngazi, kila sentimita 1 ya kupanda inaomba sentimita 12 za mutelemuko. Ngazi ya sentimita 15 inaomba mutelemuko wa meta 1 na sentimita 80. Kila fundi aweke hesabu hiyo kichwani kuanzia leo.

Lakini tuulize pia: vipimo vya namna hii vinatoka wapi? Kule Marekani, vile vya zamani vilitokana na utafiti wa miaka ya 1970. Baadaye watafiti wa chuo kikuu cha Buffalo walipima upya karibu watu 500 wanaotumia viti vya magurudumu, na katika mwaka 2010 wakatoa ripoti yao yote, kila mutu aisome. Wakaona viti vimekuwa virefu na vinaomba nafasi kubwa zaidi ya kugeuka. Katika mwaka 2017, kanuni za majengo mapya zikabadilishwa: nafasi ya kusimamisha kiti ikatoka sentimita 122 mpaka 132 kwa urefu, na duara ya kugeuka ikatoka sentimita 152 mpaka 170. Kama hesabu zile zingefungwa ndani ya kabati, hakuna mulango hata moja ungebadilika.

Sasa sisi. Hapa wengi wanatembea na ile kinga ya magurudumu matatu, ya kuendesha kwa mikono. Iko ndefu kuliko kiti, na inageuka kwa shida. Watu wa Buffalo hawakupima kinga yetu, wala hawakupita ndani ya njia za Kikula mvua ikinyesha. Basi tupime wenyewe. Kazi si kubwa: upana wa kiti pamoja na viwiko; urefu toka vidole vya miguu mpaka nyuma ya gurudumu; magoti yako juu namna gani, ili meza ya masomo iyapokee; mukono unafika wapi, ili bomba la maji na swichi viwekwe pale. Meta, kalamu na daftari vinatosha.

Lakini mwili ni wa mwenyewe. Aulizwe kwanza, na akikataa, aachwe. Jina lake lisiandikwe. Na hesabu zikiisha kukusanywa, zibandikwe kwenye komini, masomoni, kwa mafundi wa kuunganisha vyuma. Tumechoka na watu wanaokuja na karatasi, wanauliza, wanaandika, halafu hatuoni tena kitu.

Feza nayo haikosi kabisa. Kodi ya madini ya mwaka 2018 inatoa asilimia 15 ya malipo ya machimbo kwa miji na komini pale mali inatoka, na inaomba kila kampuni itoe asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya wakaaji. Masomo na vituo vya afya vinajengwa na feza hiyo. Na sheria ya tarehe 3 Mei 2022 inalinda haki za watu wenye ulemavu katika nchi yetu. Tunaomba kitu kidogo: ukurasa moja wa vipimo uingizwe ndani ya kila mukataba wa kujenga, mbele ya kusaini, si kisha kumwaga simenti. Mulango mupana leo unaomba mbao kidogo tu. Kuvunja ukuta kesho kunaomba feza mara mbili.

Sisi watu wa machimbo tunajua: anayeshuka asubuhi kwa miguu yake anaweza kurudi mangaribi akibebwa. Juma hii, chukua meta, pima mulango wa choo chako. Halafu uliza wakubwa wa komini kama wamepima wa kwao.