Granada: Kasri Lililokuwa Nyumba ya Watu

Ibn Battuta, yule msafiri wa Tangier aliyelala Mombasa usiku mmoja kisha akafika Kilwa mwaka 1331, alijaaliwa pia kuuona mji wa Granada, kusini mwa Hispania, yapata mwaka 1350. Sultani Yusuf wa Kwanza alikuwa mgonjwa na hakuweza kumpokea. Mama yake sultani akampelekea mgeni dinari za dhahabu. Ibn Battuta alizisifu bustani na mizabibu iliyouzunguka mji. Lakini lililo zuri zaidi katika habari zake ni jambo dogo: alikuta huko mafakiri wa Kiajemi, mmoja wa Samarkand, mmoja wa Tabriz, mwingine wa Konya, na wengine waliotoka India, ambao walikuwa wamefanya makao yao Granada kwa sababu ilifanana na nchi zao. Askari aliyepelekwa kituo cha mbali, akajikuta anatafuta kilima kinachofanana na cha kwao, hahitaji kuelezwa sababu hiyo.

Juu ya mji limesimama kasri la Alhambra, ambalo sultani wa mwisho alilikabidhi kwa wafalme wa Kikristo mwaka 1492. Miaka zaidi ya mia tatu baadaye, mwaka 1829, alifika mwandishi wa Marekani, Washington Irving. Gavana alimruhusu kulala ndani ya kasri lenyewe, naye akakaa humo tangu Mei hadi mwisho wa Julai.

Alichokikuta hakikuwa fahari ya wafalme. Mwangalizi wa kumbi na bustani alikuwa mama mmoja, Antonia, aliyeitwa shangazi na kila mtu, akiishi pale na binti wa ndugu yake. Katika minara iliyobomoka walijibanza maskini, mafundi wa kazi ndogo ndogo na askari wazee walemavu, ambao ndio waliokuwa walinzi. Irving alipohamia vyumba vya upweke vilivyotazama bustani, usiku alisikia vilio, akaingiwa na hofu. Kumbe alikuwa ndugu wa Antonia, aliyerukwa na akili, ambaye alifungiwa chumba cha chini kila maradhi yake yalipozidi. Jambo la majonzi, na katika nyumba ya kifalme.

Mchana palikuwa na furaha yake. Mbele ya kasri palikuwa na kisima chenye maji baridi, na hapo wachukuzi wa maji, wazee na akina mama walikusanyika kusema habari za mji. Vijana wasio na kazi walikaa juu ya minara, wakatupa ndoana zenye nzi hewani, wakavua mbayuwayu kama mtu avuavyo samaki!

Askari wa Ufaransa walipoondoka mwaka 1812 walilipua minara kadhaa ya ngome hiyo, na husimuliwa kwamba askari mmoja mlemavu aliukata utambi wa baruti kabla moto haujafika penginepo. Iwapo ni kweli, basi wageni wote wa leo wana deni kwake.

Wageni hao sasa huingia kwa tiketi yenye jina la mwenyewe, na kumbi za masultani hupangiwa saa, aliyechelewa hukosa. Familia zile hazimo tena. Wanaotaka kuishi Granada hutafuta nyumba ng'ambo ya bonde, katika mtaa wa Albaicín, wenye kuta nyeupe na vichochoro vya kokoto ambamo motokaa nyingi hazipiti. Mgeni hudhani kusini mwa Hispania ni joto tupu, kumbe mji uko kiasi cha meta 700 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Januari maji huganda. Hufarijika anapoagiza kinywaji na kuletewa kisahani cha chakula asichokilipia. Desturi hiyo ingalipo.

Lakini nyumba nyingi za Albaicín zimekuwa za kupangishwa watalii kwa usiku, kodi zimepanda, na majirani wa zamani wanahamia mitaa ya bondeni. Duka la mkate likifungwa, mama mzee aliyebaki hushuka ngazi mpaka mjini, kisha hupanda tena taratibu na kapu lake, akiwapisha wageni wanaopiga picha mlangoni pake.