Si Kila Kitu ni Usonji

Mwezi huu tuongee jambo ambalo wengi tunalikwepa hata kwenye vikao vya familia: mtoto mwenye usonji, na maradhi yanayoambatana nao.

Usonji wenyewe hauna kidonge cha kuumaliza. Ni namna ubongo wa mtu ulivyokua, na ukubwani ataendelea nao. Ila mara nyingi hauji peke yake. Kifafa huwapata wenye usonji zaidi kuliko watu wengine. Kuna kukosa usingizi, choo kigumu, wasiwasi uliopita kiasi na, wakifika ujanani, sonona. Hayo, jamani, yana tiba au walau nafuu. Tatizo ni pale tunapoyabebesha yote jina moja.

Nina shoga yangu anaishi Segese, kule Msalala mkoani Shinyanga. Mumewe ni mchimbaji mdogo wa dhahabu, wiki nzima anaweza kuwa machimboni. Mtoto wao wa miaka 6 haongei. Ghafla akaanza kujipiga shavu na kulia usiku kucha. Ndugu wakasema ndiyo usonji wake huo, wengine wakataja mganga. Baba akamlaumu mama, mama akanuna, ndoa ikapoa. Kumbe ni jino bovu! Lilipong'olewa, usingizi ukarudi kwa mtoto, na amani kwa wazazi.

Kifafa nacho hujificha hivyo hivyo. Si lazima mtoto aanguke. Anaweza kuduwaa sekunde chache, ukimwita hasikii, ukadhani ni kawaida yake. Na degedege tusilipeleke kwa mganga. Mwaka 2006 watafiti walichapisha habari za watoto 20 wa Tanzania. Watatu kati yao walikuwa wakikua vizuri, dalili za usonji zikaanza baada ya malaria kali yenye homa na degedege. Watoto watatu hawathibitishi kwamba malaria huleta usonji, lakini kwa sisi tunaoishi na mbu, somo lipo: homa kali ni hospitali, mapema.

Ufanye nini basi? Tabia ikibadilika ghafla, anza na mwili: meno, masikio, tumbo, choo. Andika kwenye daftari saa alizolala na alichokula. Akiduwaa au kukakamaa, mrekodi kwa simu ukamwonyeshe daktari. Akianguka, mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni. Ikizidi dakika 5, kimbilia hospitali. Kama ameandikiwa dawa za kifafa, usizikatishe mwenyewe. Kwa Kanda ya Ziwa, rufaa kubwa ni Bugando, Mwanza.

Na nyie akina baba, usiku mkiwa nyumbani shikeni zamu. Mama asiyelala miezi sita hahitaji lawama, anahitaji kulala.

Mtoto asiyeongea anasema kwa mwili wake. Tumsikilize. Tukutane mwezi ujao!