Je, kisima chenu kinapakana na nani?

MPENZI msomaji, ukiamka kesho asubuhi fanya jambo moja dogo. Simama penye kisima kinachowapa maji hapo plotini, kisha utazame pande zote nne. Je, kuna kituo cha petroli karibu? Kama kipo, nina neno nawe leo.

Wakazi wengi wa Nairobi hawategemei tena mifereji ya kaunti pekee. Maji ya mgao yakikatika, ni kisima cha ploti kinachowaokoa. Kule Mombasa, visima vifupi vilivyochimbwa kwenye mawe ya matumbawe vimenywesha watu tangu enzi za mababu. Wakati huohuo vituo vya petroli vimezidi kujengwa katikati ya makazi yetu, na chini ya kila kituo mna matangi yaliyofukiwa ambayo wewe na mimi hatuyaoni.

Tangi la chuma lisilokingwa hushika kutu likiwa ardhini. Viungo vya mabomba hulegea. Mafuta humwagika lori linapoyashusha. Tone kwa tone, petroli huzama udongoni hadi ikayafikia maji. Kwa kuwa ni nyepesi, nyingi huelea juu yake, lakini sehemu fulani huyeyuka na kufuata mkondo wa chini kwa chini kuelekea visima vya majirani.

Sehemu hiyo inayoyeyuka ndiyo ya kuogopwa, kwani ndani yake mna kemikali iitwayo benzini. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani (IARC) limeiweka katika kundi la vitu vinavyojulikana wazi kuwa huleta saratani kwa binadamu. Hudhuru uboho wa mifupa, mahali damu inapotengenezewa, na huweza kuleta saratani ya damu.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema lita moja ya maji ya kunywa isizidi maikrogramu 10 za benzini. Hebu tupige hesabu. Lita moja ya petroli yenye benzini asilimia 1 tu ina zaidi ya gramu 7 za kemikali hiyo. Kiasi hicho kikiyeyuka chote, chatosha kuzifikisha lita 700,000 za maji kwenye kikomo hicho. Hiyo ni lita moja tu ya petroli!

Najua utaniambia, "Sisi huchemsha maji." Ni vyema, endelea. Kuchemsha huua vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo. Lakini benzini si kijidudu. Ukiichemsha hupanda na mvuke, na wewe na watoto mkaivuta humo jikoni. Dawa ya klorini nayo haiiondoi. Wala usingoje harufu, kwa maana maji yaweza kupita kikomo kabla pua haijahisi chochote.

Wenzetu wa Marekani walijifunza kwa gharama kubwa. Mnamo 1984 bunge lao lilitunga sheria ya matangi yaliyofukiwa, na wenye matangi ya zamani wakapewa hadi Desemba 1998 wayaimarishe au wayafunge. Tangu hapo wameshathibitisha zaidi ya visa 500,000 vya uvujaji. Mji wa Santa Monica, California, ulilazimika kufunga visima vyake mnamo 1996 na kupoteza karibu nusu ya maji yake, baada ya kemikali nyingine ya petroli, MTBE, kupenya humo.

Hapa kwetu tunakumbuka Thange, Kaunti ya Makueni. Huko halikuwa tangi bali bomba la mafuta lililovuja mnamo 2015, likachafua udongo, mto na visima. Ilichukua miaka 10, hadi Julai 2025, ndipo mahakama ikaamuru wakazi walipwe mabilioni ya shilingi. Lakini pesa haziwezi kumrudishia mtu afya yake.

Jambo la kusikitisha ni kwamba uchunguzi wenyewe si muujiza. Kwanza hulinganishwa mafuta yaliyoletwa, yaliyouzwa na yaliyobaki. Yakipungua kila mara bila sababu, kuna tundu mahali. Kisha tangi na mabomba hupimwa kama yanavuja. Baadaye mashimo hutobolewa kuzunguka kituo na udongo wa kila kina ukapelekwa maabara. Mwishowe huchimbwa visima vyembamba vya uchunguzi, angalau vitatu, ili ijulikane maji yanaelekea wapi na yamebeba nini.

Maoni yangu ni haya: uchunguzi ambao jirani haoni matokeo yake haumsaidii. Vituo hutakiwa kufanyiwa ukaguzi wa mazingira, na ripoti huishia katika faili za NEMA. Mama anayechota maji mita 50 kutoka kwenye tangi hana habari. Naiomba EPRA isihuishe leseni ya kituo chochote kilicho karibu na visima vya watu mpaka kionyeshe matokeo ya maji ya visima vyake vya uchunguzi, na matokeo hayo yabandikwe mahali ambapo kila mkazi atayasoma.

Wenye vituo watalia kwamba ni gharama. Naam, ni gharama. Lakini kuchimba visima vitatu vyembamba ni rahisi kuliko kusafisha udongo wa mtaa mzima, na ni rahisi zaidi kuliko kumtibu mtoto mwenye saratani ya damu. Aidha, mwenye kituo aliye mwaminifu atafaidika, kwani mafuta yanayovuja ni mali yake inayopotea.

Nawe msomaji usikae tu. Muulize mwenye nyumba kisima kilipimwa lini, na kama vipimo vilihusu benzini au vijidudu peke yake. Kutaneni wapangaji mchange pesa, mpeleke maji katika maabara iliyoidhinishwa. Yakianza kunuka mafuta, acheni kuyanywa, kuyapikia na kuyaogea siku hiyohiyo, kisha mpige ripoti kwa NEMA na kwa afisa wa afya ya umma. Iandikieni NEMA mkidai ripoti ya kituo jirani. Katiba ya 2010 inawapa haki ya mazingira safi katika Kifungu cha 42, na haki ya kupata habari katika Kifungu cha 35.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa tangi uko chini ya ardhi, hauonekani kwa macho. Ndiyo maana ni lazima tuulize mapema, kabla ya kuambiwa na daktari.